Manju Aliyeombwa Ashindwe

Waulize watu wa Ngokolo ni nani aliyekuwa manju mkubwa kuliko wote Shinyanga, watakutajia majina mpaka masikio yaote kutu, na kila mmoja atakuwa anamsifu mjomba wake tu. Wasikilize kwa adabu, kisha wasahau. Alikuwa Bujiku. Usipoamini si kosa lako, hukuwapo.

Alikuwa mwembamba kama mwiko, miguu mirefu, na pua ameibeba juu utadhani chini kuna kitu kimeoza. Shule ya mapadri aliiacha mapema, kwa sababu mwalimu alitaka kila wimbo uanzishwe na mwalimu. Bujiku akaona huo ni upuuzi. Mtu ana koo la dhahabu halafu aimbe nyuma ya mwenye koo la chura? Akachukua kofia yake, akaondoka. Mapadri walimwombea. Dua zao hazikupotea bure, kwa maana sauti ilizidi kunoga.

Sasa wewe uliyezaliwa mbali na Usukumani, elewa jambo moja kabla hatujaendelea. Kwetu ngoma haina mwamuzi wa kukaa kwenye kiti na kalamu. Makundi ni mawili, Bagika na Bagalu, na uadui wao ni wa kurithi kama ng'ombe. Mavuno yakiisha ni mbina, ndiyo ngoma ya kushindana: wanateremka uwanja mmoja, huyu upande huu, yule upande ule, ngoma zinalia pamoja, na watu wanakwenda wanakotaka. Jua likishuka, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Manju aliyekimbiwa na watu anarudi kwao kwa njia ya porini, asikutane hata na mbuzi. Bujiku alikuwa Mgika, na njia ya porini hakuijua. Alijigamba hivyo, na kwa bahati mbaya ilikuwa kweli.

Lakini nyumbani kwake kulikuwa na jambo ambalo hakuliimbia.

Wakati wa vita vya Wajerumani, vile vya pili, Bujiku na kaka yake Maduhu walikwenda upande wa Geita kutafuta dhahabu. Walichimba Nyarugusu, wakachimba na mgodi mwingine karibu na hapo, mdogo, wa mzungu mmoja aliyependa mbwa wake kuliko watu. Huko walikuta dunia nzima imeinama ardhini: Warundi, Wanyasa, Wazinza, Wajaluo, watu wa Kongo, Wasumbwa, kila mtu na lugha yake na kikohozi chake. Siku moja shimo likamfunika kijana mmoja. Walipomtoa, hakuna aliyejua jina lake. Walimwita Mrundi tu. Wakamzika Mrundi, kisha wakarudi kazini, maana filimbi ilikuwa imeshalia.

Bujiku alichoka, akarudi Shinyanga. Maduhu hakuchoka. Alisikia kwamba Kilo, huko Kongo, dhahabu inachotwa kama mchanga, akavuka. Alimwambia mdogo wake, "Mwambie mayu ninakuja na mavuno." Mayu, kwetu, ndiye mama. Bujiku akafikisha maneno. Mavuno yakaja. Yakaja mengine. Vita vikaisha, bei ya pamba ikapanda ikashuka, watoto waliokuwa mgongoni wakawa vijana, na Mama Maduhu kila jioni alisonga ugali wa uwele, akaweka na nsansa, ile mboga yetu ya majani ya kunde yaliyokaushwa, akakitenga chungu kimoja kando na kukifunika kwa kawa. Cha Maduhu. Asubuhi alikimwaga, na mbwa wa majirani walijua saa.

Mtu asiyejulikana kama yu hai au amekufa hana pa kuwekwa. Huwezi kumlilia, huwezi kugawa jembe lake, huwezi kunyoa nywele. Mama yule nywele zake zilikuwa nyeupe na ndefu, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Bujiku, hodari wa kuimba juu ya kila mtu wilayani, juu ya hilo alikuwa bubu.

Basi, miaka ile ya hamsini, serikali ilipokuwa imebana mikutano Usukumani hata ukikohoa na wenzako watatu unaulizwa kibali, Paskalina alifika kwa Bujiku. Huyu Paskalina, Mama Zipora, aliuza chakula kwa wachimbaji Nyarugusu. Alikuwa mnene, mpole wa uso, mkali wa ulimi. Alikuwapo siku ile alipozikwa Mrundi, na tangu hapo alianzisha desturi yake: hakupakulii ugali mpaka umtajie jina lako, la baba yako, na kwenu. Umekaa kimya? Kaa na njaa yako. Wachimbaji walimcheka, lakini njaa haicheki, wakataja. Yote aliyahifadhi kichwani, na mtu akifa, aliwatafuta madereva wa malori na wachuuzi mpaka habari ifike kwao. Wanawake wenzake wa vyungu wakaiga, migodi ya Uganda, ya Kavirondo kule Kenya, mpaka Kongo. Ugali ulikuwa umevuka mipaka bila hati.

"Shikamoo, Mama Zipora," alisema Bujiku.

"Marahaba, manju. Bado unatembea kama jogoo aliyenunua kijiji?"

"Jogoo hanunui, anarithi. Karibu ukae."

Akakaa. Akanywa maziwa ya mgando, akasifu kibuyu, akasifu ng'ombe, kisha akasema, "Nimekuja kuomba kitu kizito."

"Kama ni wimbo, umepata."

"Si wimbo. Tunataka kukutana. Watu wa migodi yote, wa Kongo, wa Urundi, wa Kavirondo, wa Uganda. Tuketi pamoja, kila mmoja ataje wafu anaowajua na kwao, tupeane habari. Na tuseme kwa mdomo mmoja kwa wenye migodi yote: mtu akifia kazini, kwao waambiwe. Basi. Hatutaki utawala wa mtu. Boma wamekataa. Wamesema watu wa nchi nyingi wakiketi pamoja hiyo ni siasa."

"Sasa mimi na siasa wapi na wapi?"

"Mkutano unaombewa kibali. Mbina haiombewi, mtemi anaitikia kwa kichwa tu. Wewe ukitangaza mbina dhidi ya Mageni wa Bagalu, Shinyanga nzima itajaa Ngokolo, na wageni wetu wataingia kama wachezaji wako. Watakaa nyuma yako, kwenye kivuli cha ua wa minyaa, wazungumze."

Bujiku akanyoosha miguu. Lilimpendeza. "Nitamfunika huyo Mageni mpaka asahau kwao."

"Hapana," alisema Paskalina. "Ndiyo maana nikasema ni kizito. Watu wakijaa kwako, wageni watazungumzaje? Tarishi wa boma atafuata watu. Lazima watu wote waende kwa Mageni. Tunakuomba ushindwe."

Bujiku akaikunja tena ile miguu.

"Mama Zipora," Bujiku alisema polepole, "ungeniomba mke ningefikiria."

"Atakuja mtu wa Kilo. Anaitwa Valerian. Amechimba huko tangu wakati wa vita."

Bujiku akageuka. Alitazama jikoni, ambako mama yake alikuwa amekiinamia chungu, akikifunika. Yule mama hakuwa amesikia kitu. Alikiwekea kawa, akaligusa kidogo pembeni, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Niape kwa kitu gani?" aliuliza Bujiku.

"Kwa hicho chungu."

Akaapa.

Siku ya mbina, Ngokolo haikuwa na pa kutema mate. Watu walitoka Kahama, walitoka Mwanza, walitoka vijiji ambavyo mpaka leo havijaandikwa kwenye ramani. Wageni walifika asubuhi, wakavalishwa. Hapo ndipo penye kichekesho. Katekista mmoja wa Urundi, Stanslaus, mtu wa heshima zake, alivikwa manyoya ya mbuni kichwani, ngozi ya mbuzi kiunoni na njuga miguuni, miwani akakataa katakata kuivua.

"Bila hii sioni," alisema.

"Ukiwa nayo tunaonekana," alijibu Paskalina.

"Basi niache. Yesu aliingia Yerusalemu na punda, mimi nitaingia na miwani."

Alikuwapo pia Bhoke, mjane kutoka migodi ya Kavirondo, ambaye njuga zilimkaa vizuri mpaka vijana wakauliza ana mahari kiasi gani. Aliwajibu kwa jicho moja, wakapata kazi nyingine ya kufanya. Valerian peke yake ndiye hakuwapo. Lori lake lilikuwa limeharibika njiani. Bujiku alikwenda barabarani, akarudi, akaenda tena, mpaka Mageni akampigia kelele kutoka upande wa pili, "Vipi, manju, unatafuta pa kukimbilia?"

Mageni huyo alikuwa mfupi, kifua pipa, na sauti ya fahali aliyeona fahali mwenzake. Naye hakujua lolote la mkutano. Alijua kitu kimoja, kwamba kwa miaka yote alikuwa akirudi kwao kwa njia ya porini.

Ngoma zikaanza. Bujiku akacheza vibaya. Ewe Mungu, alicheza vibaya! Jembe la ngoma alilorusha juu, ambalo manju hulidaka, liliangukia mbali na mkono. Wimbo aliouanzisha ulikuwa ule wa kupalilia, ambao hata watoto wanaujua. Vijana wake walitazamana, kwa kuwa wengi hawakuambiwa siri. Watu wakaanza kuchuruzika kwenda kwa Mageni, kwanza mmojammoja, halafu kama maji ya bwawa lililobomoka. Cornel, tarishi wa boma, na kaptura yake iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, naye akawafuata. Kila aliyepita alimtupia Bujiku neno. "Pole, manju, umezeeka." "Mpeni uji." Ajuza mmoja alimpa kabisa karanga, akamwambia, "Kula mwanangu, pengine ni tumbo."

Akazitafuna zile karanga. Kwa hasira.

Nyuma yake, penye ua wa minyaa, wageni walianza mazungumzo, njuga zao zikitetemeka kidogokidogo ili waonekane wachezaji. Hapo hapo Bujiku, kwa pembe ya jicho, akamwona mtu mrefu mwenye vumbi la safari akiingizwa na Paskalina na kuketishwa. Shavu moja lilikuwa na kovu la mwamba. Valerian. Jibu la miaka yote lilikuwa limeketi hatua chache nyuma ya mgongo wake, na yeye alitakiwa aendelee kucheza kama kuku aliyelowa, mpaka zamu yake ya kuuliza ifike.

Angeweza. Mpaka leo wapo wanaoapa angeweza. Lakini Mageni, alipoona uwanja wote ni wake, alilewa ushindi, na mlevi hachagui pa kutapika. Akanyamazisha ngoma zake, akaimba wimbo mpya:

"Mbwa wa Ngokolo wamenona, nani anawapikia?
Yuko mama anausongea upepo ugali.
Bujiku, mwambie mama, upepo haunawi mikono!"

Watu wakacheka. Si wote. Wengine walishika midomo, kwa sababu hata kwenye mbina pana mahali ambapo mkuki hautupwi. Lakini waliocheka walitosha.

Bujiku alisimama. Paskalina alimwona akisimama, akajua. Alimwita kwa sauti ndogo, "Manju! Chungu! Uliapa kwa chungu!" Na huo ndio ulikuwa mkosi wenyewe, kwa maana chungu ndicho alichokuwa akikifikiria.

Akalishika jembe, akalirusha juu sana, likazunguka juani likimetameta, likashuka kwenye kiganja chake kama ndege anayerudi kwenye kiota. Akapiga mguu chini. Vijana wake wakapumua kwa mara ya kwanza siku ile, ngoma zikaitika kwa pamoja, na Bujiku akafungua lile koo ambalo mapadri waliliombea:

"Mageni amenicheka, na acheke, ana haki.
Aniambie tu: Maduhu yuko wapi?
Nani alichimba naye? Nani alikunywa naye maji?
Mwenye kujua asiimbe. Mwenye kujua aseme.
Mayu amechoka kufunika chungu."

Basi. Kila aliyekuwapo alikuwa na Maduhu wake. Wa Geita, wa mashamba ya mkonge, wa vita vya Burma, wa Kongo. Watu waligeuka wote kwa pamoja, wakauvuka uwanja, wanawake mbele, na Bujiku akazidi, majembe yakaruka, vumbi likapanda mpaka jua likawa jekundu. Kwa Mageni walibaki wapiga ngoma wake na mbwa mmoja, tena labda alikuwa wa jirani yake Bujiku. Ushindi kama ule haukupata kuonekana kabla wala baada, andika hilo.

Na Bujiku, alipogeuka na kuona alichokifanya, jasho likampoa mwilini. Umati wote wa Shinyanga ulikuwa umesimama juu ya mkutano. Mbele ya umati huo alisimama Cornel, tarishi wa boma, akimwangalia Stanslaus.

"Huyu mwenye miwani," alisema Cornel, "ni mchezaji?"

"Mchezaji wangu wa Urundi," alisema Bujiku.

"Acheze, basi."

Stanslaus akamtazama Bujiku, akautazama umati, akaitengeneza miwani. Akacheza. Usiulize. Ilikuwa kama mtu anayefukuza siafu ndani ya suruali asiyoweza kuivua. Watu walicheka, lakini Cornel hakucheka. Mjinga hakuwa.

"Wewe mama, umetoka wapi? Na wewe? Na wewe?" Alikuwa amefika kwa Valerian. "Huu si mchezo. Huu ni mkutano. Manju, umeuficha mkutano ndani ya ngoma."

Paskalina alifumba macho. Miaka ya kutembea, madereva waliobembelezwa, wajane waliochangiwa nauli na watu maskini, yote yamekwisha kwa sababu mwanamume mmoja hakuweza kushindwa alasiri moja. Bujiku aliliona hilo usoni mwake. Hakuna tusi lililowahi kumchoma vile.

Hapo Valerian akainuka. Alisogea mpaka katikati ya duara, akamtazama Bujiku, akauliza kwa Kiswahili chao kile cha Kongo, "Ile jina uliimba. Maduhu. Ni ya hapa? Ngokolo?"

"Ni kaka yangu."

Valerian akavua kofia. Kule Kilo, wachimbaji wanapotoka shimoni jioni, msimamizi huita majina, na kila mtu huitikia lake. La yule aliyefia chini hawaachi likaanguka. Wenzake huitikia kwa pamoja. Valerian akaita hivyo hivyo, kwa ile sauti ndefu ya jioni ya mgodini:

"Maduhu, mtoto ya Ngokolo!"

Nyuma yake Paskalina, Bhoke, Stanslaus na wageni wote waliokuwa wakiijua ile desturi wakaitikia, "Amelala!"

Jembe la Bujiku lilikuwa juu mkononi. Lilibaki hapo hapo.

Valerian hakusimama. Aliita mwingine, wa Nera. "Amelala!" Akaita wa Uzinza, na Bhoke akapokea, akaita wa kwake, na Stanslaus, manyoya yakimning'inia sikioni, akaita wa kwake kwa sauti ya ibada. Mwanzoni umati ulidhani ni wimbo mzuri wa kigeni, wakaitikia nao. Kisha kutoka upande wa wanawake likatoka yowe moja, la mtu aliyesikia jina la mumewe. Kisha jingine. Kisha hapakuwa tena na Bagika wala Bagalu, ila watu wameketi chini, mikono kichwani.

"Nimesema hii ni..." alianza Cornel.

"Ni nini?" Paskalina alimgeukia, machozi yakimchirizika lakini ulimi uko mahali pake. "Sema, Cornel. Ni msiba. Msiba unaombewa kibali kwa nani? Nenda boma ukamwambie Bwana Shauri kwamba manju amefiwa, na watu wamekuja kumpa pole kutoka mbali. Umedanganya?"

Cornel naye alikuwa Msukuma, alizaliwa na mama. Alivua kofia yake ya serikali, akaibana kwapani, na hakuirudisha kichwani tena siku ile.

Bujiku bado alikuwa amesimama na jembe lake juu, kama mti uliopigwa na radi. Hakulia, hakuimba. Wapiga ngoma wake hawakujua waanze nini. Hapo akatokea Mageni. Aliuvuka uwanja mtupu peke yake, ngoma yake begani, ngozi yake ikitazama chini. Mtu wa mbali hawezi kujua maana yake. Manju anayevuka na ngoma yake kwenda kwa mwenzake amejitangaza mwenyewe kwamba ameshindwa, na watoto wake wataimbiwa hilo. Mageni aliitua miguuni pa Bujiku, akaushusha mkono wake uliokuwa juu, akalitoa lile jembe polepole.

"Nilidhani unampikia upepo," alisema. "Nisamehe, ndugu yangu. Upepo una jina."

"Una jina," alisema Bujiku, na hapo ndipo akalia.

Matanga yaliwekwa kwa Mama Maduhu, na ndiyo ulikuwa mkutano. Wageni wa nchi zote waliketi chini, kwenye majani makavu, bila manyoya wala njuga, mchana kweupe, wakazungumza. Bwana Shauri, mzungu wa boma, alipita na gari lake, akaona watu wamejiinamia, akagusa kofia kwa heshima, akaenda zake. Cornel aliyetumwa kuwachunga alipewa shoka apasue kuni, na taarifa aliyoipeleka boma ilikuwa kwamba kuni za Ngokolo ni ngumu. Pale walikubaliana kwamba kila mgodi uwe na mwenye kuuliza majina kabla ya kupakua, kwamba habari zipite kwa mkono wa mwenye chungu mpaka kwa mwenye chungu, na kwamba wenye migodi waambiwe neno moja kwa lugha zote: anayekufa kwenu, semeni kwao. Wapo waliosikia. Wapo wazungu waliojifanya hawajui Kiswahili, nao walikijua vizuri wakitaka chai.

Bujiku aliishi miaka mingi baadaye, na kila mbina aliyocheza aliisimamisha katikati, akaita majina yaliyoletwa kutoka Geita na kwingineko. Kwamba alishinda siku ile ya Ngokolo, alilisema mpaka meno yakamtoka. Kwamba alivunja kiapo hakuwahi kulikana, na Paskalina hakuacha kumkumbusha kila alipokuja kunywa maziwa.

Lakini tumrudie mama. Jioni ya ule msiba, alimwita Valerian jikoni. Hakumuuliza mambo ya dhahabu. Alimuuliza Maduhu alikuwa akila nini, na nani alimuosha, na alizikwa ametazama wapi. Valerian akamjibu yote, maana ndiye aliyemuosha. Mwamba ule uliomchukua Maduhu ndio uliomchora na yeye shavu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akaitika kila neno. Kesho yake angenyoa nywele.

Kisha akanawa mikono, akaenda pembeni, akakileta kile chungu, akakifunua. Ugali ulikuwa bado una moto.

"Kula, baba," alimwambia. "Wewe umekula naye."